Krimu Uliyoiacha Sepuka

Dada yangu Neema,

Shikamoo. Najua sitasikia marahaba yako, lakini siwezi kuanza bila kukuamkia.

Unakumbuka siku uliporudi Sepuka kutoka Singida mjini na kile kikopo cha krimu? Kidogo, kinaenea kiganjani, na kwa bei yake ungenunua gunia zima la alizeti. Nikakuuliza, "Dada, hayo si mafuta tu?" Ukacheka. "Endelea kujipaka ya alizeti unukie chapati. Ngozi inataka heshima."

Tulibishana kiangazi kizima, upepo ukitupausha sote. Mwisho tukafanya jaribio: mkono wangu wa kushoto krimu yako, wa kulia alizeti, mwezi mzima. Mama, ambaye macho yake yalishapofuka, ndiye alikuwa hakimu. Akaipapasa mikono yote miwili. "Ulaini ni uleule," akasema. "Ila huu unanukia Neema."

Nilikucheka sana kwa ushindi ule. Nisamehe.

Mvua zilipoanza, homa ya siku nne tu ikakuchukua. Mama alikuwa ameanza kusahau. Kila asubuhi aliniuliza uko wapi, kila asubuhi nilimwambia, naye akalia upya kama ndiyo kwanza anasikia. Uji ukawa unapoa mbele yake. Akakonda.

Siku moja nilikukumbuka mno, nikafungua kikopo chako nikajipaka usoni. Nilipompelekea mama uji, aliinua kichwa kabla sijasema neno.

"Neema. Umerudi."

Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Nimerudi, mama."

Akanywa bakuli zima.

Tangu hapo najipaka kila asubuhi. Kikopo kilipoisha nilienda mjini mwenyewe kununua kingine. Mwenye duka akaniuliza kama ngozi imeona faida. Ngozi ni ileile, dada. Ningebaki na alizeti isingejua. Lakini mama anakula, na hilo silipatii bei.

Tatizo ni lingine. Juzi jirani aliniita jina lako kwa mbali, kisha akaniomba radhi. Nami nilikuwa nimeshaitika. Hata kicheko changu siku hizi kinaanzia puani, kama chako, na sikumbuki kilianza lini.

Leo asubuhi mama amenishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Neema," akasema, "mbona mdogo wako haji kuniona? Nimemkosea nini?"

Ningeweza kusema, mama, ni mimi. Halafu angeniuliza uko wapi. Nikamwambia Rehema yuko shambani, atakuja jioni.

Jioni imefika, dada. Mama amekaa mlangoni, ameelekeza sikio njiani, ananisubiri.

Pumzika huko uliko. Nakuandikia kabla sijaenda kuiosha krimu usoni.

Ni mimi, mdogo wako,
Rehema