Amica Si Tusi

Kalemie, Jumanne. Tangu asubuhi ziwa limechafuka, na upepo unatupa mchanga mpaka mlangoni petu. Sawa tu. Na mimi nimechafuka.

Nina hasira.

Leo shuleni profesa wa Kilatini alitaka kila mmoja asimame, amgeukie rafiki yake, amwambie neno la upendo kwa Kilatini. Wavulana wakaanza. "Amicus meus es," wewe ni rafiki yangu, na darasa likatulia kama kanisani. Ikafika zamu yangu. Nikamgeukia Feza, niliyekaa naye dawati moja tangu shule ya msingi. Kwa mwanamke neno linabadilika mwisho: amicus inakuwa amica. Nikasema kwa moyo wangu wote, "Feza, amica mea es. Te amo."

Profesa akaanza na matamshi. "Amikaaa!" akavuta mwisho kama Mfaransa. Mimi nilikuwa nimetia mkazo katikati, a-MI-ka, kama Padri anavyosoma, na kama kinywa cha Kiswahili kinavyotaka chenyewe. Nilikuwa sahihi! Lakini hilo ningelimeza.

Kisha akatabasamu. "Na tena uangalie, mutoto. Amicus njo rafiki. Lakini amica, kwa Waroma, alikuwa mwanamuke wa pembeni."

"Biro ya pili!" akapiga kelele mvulana mmoja wa nyuma.

Darasa zima likacheka. Profesa naye akacheka.

Biro ya pili. Ndivyo mji huu unavyomwita mwanamke anayewekwa kando na mume wa mtu. Na hakuna asiyejua kwamba papa yake Feza, mtu wa reli, alimwacha mama yake akahamia Kongolo kwa mwanamke wa namna hiyo. Feza akainamisha kichwa, masikio yakimwaka.

"Sitwayen Profesa," nikasema, maana siku hizi kila mtu sharti aitwe raia, "sasa mwanamuke akitaka kumuita mwanamuke mwenzake rafiki, aseme nini?"

"Anyamaze."

Wakacheka tena.

Anyamaze! Yaani Roma yote haikuwa na wanawake wawili waliopendana kama ndugu? Neno lenyewe halina kosa. Wanaume ndio waliolichafua, kisha wanaochekwa ni sisi. Kwetu rafiki ni rafiki, awe mwanamume au mwanamke, na hakuna anayeuliza analala wapi.

Baada ya masomo Feza alikwenda zake bila kuningoja. Nikamfuata mpaka kwao. Nilimkuta uani akitengeneza mikebuka, kisu mkononi, magamba ya samaki yamemrukia mpaka shingoni. Hakuinua uso.

"Umefanya nichekwe mbele ya watu."

"Nilisema rafiki, Feza. Nilisema nakupenda."

"Najua." Kisu kikasimama. "Njo maana nilitaka kulia. Hapana juu ya kicheko chao." Akafuta pua kwa mkono. "Lakini kesho siendi kule tena."

"Utaenda," mama yake akasema kutoka jikoni. Neno moja tu, wala hakutoka nje.

Feza akanitazama. Nikaokota kisu cha pili, nikaketi karibu naye, tukamaliza wale samaki wote.

Sijui kama huyo profesa amewahi kuwa na rafiki. Kesho nitampitia Feza mapema. Tutaketi dawati la mbele kabisa, na profesa akicheka, tutamkazia macho mpaka amalize.