Milango ya Bingwa Wako

Baba,

Shikamoo kutoka Kibondo, kwenye baridi na maharage yasiyokwisha.

Unamkumbuka yule mkimbiaji aliyekufanya ubebe redio mpaka chooni? Nimepanga kijijini kwake. Wiki nzima nakimbia asubuhi kwenye barabara aliyofanyia mazoezi, na kila nikitokea, wazee walioko uani huingia ndani wakafunga milango. Nikajua wamenichukia, mgeni na kaptula yake.

Jana nikamuuliza mama mwenye nyumba. Alicheka mpaka akaweka mwiko chini.

"Huku humpiti mzee bila kusimama umsalimie, umuulizie na ng'ombe wake. Yule bingwa, marehemu, alikuwa anasimama kila nyumba, mazoezi hayaendi. Basi wazee wakakubaliana, wakisikia miguu inakimbia, wajifiche ili apite. Mpaka leo, anayekimbia wanampisha."

Baba, mtu amezikwa miaka mingi na bado wanampisha.

Leo nilitembea, nikawasalimia wazee kwa Kiha, "mwakeye", mmoja mmoja. Nimefika kazini nimechelewa, na mkungu wa ndizi walionipa begani.

Wanakusalimu. Jifunike vizuri huko. Kesho nakimbia tena, na milango ikifungwa nitajua nimesalimiwa.

Mwanao,
Hamisi