Kiti cha Mkurugenzi Sabina

Jumapili, 4 Mei 2025

Deodatus, huna adabu! Nimekuzaa mimi, nimekunyonyesha mimi, kiwanja cha kiwanda nimekupa mimi — halafu mkurugenzi ni mama mkwe wako? Leo baada ya misa watu wamepanga foleni kumsalimia Sabina. Mkurugenzi, shikamoo! Mkurugenzi, kitenge hicho! Naye anaitika marahaba kwa pua, kama askofu. Nimesimama pembeni na rozari yangu, hakuna aliyeniona. Kitenge chenyewe kimepauka.

Nimemuuliza Deo kwa nini. Anasema mwanasheria alitaka majina mawili, na mama yake Evelina alikuwa karibu siku ile. Karibu! Mimi nilikuwa wapi, Bukoba? Nilikuwa jikoni kwake, namenya ndizi zake.

Jumanne, 6 Mei

Nimekwenda kiwandani, nikasingizia kuwapelekea uji. Kumbe kuna kikao. Nikachungulia. Sabina kakaa kwenye kile kiti cha kuzunguka, anazunguka taratibu. Na mwanangu? Kwenye benchi la mlangoni, macho chini, uso kaugeuzia nje. Mkwe habishani na mama mkwe, sawa, najua. Lakini kila neno linapita kwa Evelina, mkewe! Mwambie mwenzio dagaa za mjomba wako Luhaga zinunuliwe. Deo, mama anasema zinunuliwe. Haya, mwambie mama sawa. Kikao kimekwisha. Uji haujapoa.

Luhaga ni kaka yake Sabina, tumbo moja. Dagaa zake zimenyeshewa wiki nzima pale ufukweni, nimeziona kwa macho yangu, zimeota ukungu. Hizo ndizo zisagwe ziwe chakula cha kuku? Nani atauliza? Mimi ningeuliza. Ndiyo maana sikuwekwa.

Kiti ni cheusi. Kina magurudumu.

Ijumaa, 16 Mei

Kuku wa Usagara wanakufa. Wote wamekula chakula chetu. Mzee Rwegasira peke yake kafukia mia tatu, ndio waliokuwa ada ya wajukuu zake.

Barua ya wakili wa wafugaji imefika. Inataja kampuni, halafu inataja wakurugenzi. Deodatus. Chini yake Sabina, majina yote matatu, kwa wino mzito. Mungu anisamehe, kitu cha kwanza kilichonichoma si kuku. Ni lile jina. Hata kwenye mashtaka yumo yeye!

Jumatatu, 19 Mei

Sabina kaja kwangu! Tangu harusi hajakanyaga hapa. Kaja na ndizi mbivu na sauti laini. Dada Kokulinda, umri umekwenda, nimeandika barua ya kujiuzulu, kiti kile kwa haki ni chako. Nikamuuliza, huo umri umekwenda tangu Ijumaa? Akacheka kidogo, akafunga kanga vizuri, akaaga.

Najua anakimbia. Sijasoma lakini si mjinga. Hata hivyo moyo uliniruka, siwezi kulidanganya daftari. Nimempigia Deo: kesho kutwa nipeleke kwa mwanasheria. Akasema, mama, subiri kwanza. Nisubiri nini, jeneza?

Jumatano, 21 Mei

Mwanasheria ni binti, Bhumika, ofisi yake ipo juu ya duka la vitambaa la baba yake. Shikamoo bibi. Marahaba. Kanieleza polepole kama mwalimu wa kipaimara. Mkurugenzi si jina la kuitiwa kanisani. Unaitakia mema kampuni, si kaka yako. Ndugu yako akitaka kuiuzia kampuni kitu, unasema wazi kikaoni, inaandikwa. Na usikubali jambo ambalo hukuliuliza.

Nikasema, kwa hiyo Sabina akitoka kapona? Hapana, bibi. Alichokiridhia akiwa ndani kinamfuata nje. Nilifurahi! Nikamwomba arudie.

Kisha akanigeukia mimi. Ya jana si yako, bibi. Lakini ukiujua ubaya leo ukanyamaza, huo ni wako, na utaitwa wewe, kwa jina lako. Akataka nikalale nifikirie.

Nimesaini pale pale. Jina zima, mkono wa darasa la nne, kalamu imetoboa karatasi.

Alhamisi, 22 Mei

Saa mbili asubuhi. Naandikia ghalani, nimekaa juu ya magunia. Sitoki.

Nilikuja mapema nikikalie kiti kabla watu hawajafika. Nimekikalia. Miguu haifiki chini. Nimezunguka mara mbili, ya tatu nikasikia lori. Kutoka nje — magunia ya zile dagaa za Luhaga, arobaini yaliyobaki, yanapakiwa kwenda Magu. Nimetia mkono kwenye moja. Limevunda, lina joto kama uji.

Nikamwambia Deo, huko Magu hakuna kuku? Anasema, mama, huko hawajasikia habari. Mama mkwe alishakubali, kikao kilishapita, wewe jifanye hukuja. Nimeshakuja! Mkono wangu unanuka! Naye amekaribia kulia. Mama, magunia yakirudi, nitamwambia nini mama yake Evelina?

Mimi mama yake nipo mbele yake. Mkurugenzi nipo mbele yake. Na bado anamwogopa yule!

Dereva anapiga honi. Piga tu.

Deodatus, nikimaliza mstari huu nakusomea. Zima lori. Shusha hata yale sita yaliyokwisha panda. Mpigie Bhumika aje aandike. Kisha mwite Sabina, umwite wewe, si mkeo, kwa mdomo wako, umtazame usoni umuulize dagaa hizi zilikuwa za nani. Na akija, asimame. Viti ni viwili: kimoja changu, kingine chako. Toka hapo mlangoni, ukae.