Kitovu Kimo Ndani ya Gogo

Kilwa Masoko

Kwako Baba Zuhura, Kitangari.

Assalaam alaikum mume wangu. Goti linaendeleaje? Na kile kikohozi cha asubuhi? Nani anakuchotea maji siku hizi, maana najua ule mteremko wa kisimani goti lako haliutaki. Usijitie ujana. Mpe jirani yetu Mama Salama ndoo zako, nitakuja kumshukuru mwenyewe.

Huku Zuhura ni mzima, mkweo ni mzima, na mjukuu wako yu hai na ananyonya. Hilo nimelitanguliza ili usome yaliyobaki ukiwa umekaa vizuri.

Naandika kwa mkono wangu, usidhani nimeandikiwa. Darasa la tatu langu ndilo hili, na barua yenyewe naiandika siku ya ngapi sijui, mtoto akilala nashika kalamu, akilia naiweka. Kwenye simu nashindwa. Simu ni ya Mama Salama, unaiweka sauti kubwa na mtaa mzima unasikia. Kila ukiniuliza kitovu nimekizika wapi, nakujibu kipo salama, halafu nasingizia mtandao. Mtandao haukuwa na kosa, Baba Zuhura. Leo nakwambia yote.

Siku naondoka uliniagiza jambo moja tu pale kwenye basi. Kitovu cha mtoto kirudi Kitangari, kizikwe chini ya mkorosho wa marehemu mama, kilipozikwa changu na cha Zuhura, maana mtoto ni wa upande wa mama na mkwe tulimweleza akakubali. Nikasema nimesikia. Na nilisikia kweli.

Lakini mtoto alikuja kabla ya mwezi wake. Mdogo, ngozi imemzidi kama amevaa nguo ya kuazima. Kitovu kilidondoka siku ya nane. Mkweo, ambaye kazi yake ndiyo hiyo ya kutibu watu pale zahanati, akasema mtoto hasafiri mpaka uzito upande, na Zuhura peke yake hawezi. Ningeondokaje? Na huku pa kukizika hapakuwepo. Nyumba ni ya serikali, ua wote saruji mpaka ukutani, na mtumishi leo yuko Kilwa, kesho wanamwandikia Singida. Nizike kitovu cha mjukuu wangu kwenye udongo wa watu, halafu wafunge mizigo waondoke? Basi nikakifunga kwenye pindo la kanga, nikawa nakilalia chini ya mto, na kila panya akipita darini nahisi anakijia hicho.

Sasa sikiliza maajabu ya Mungu.

Asubuhi huwa nateremka ufukweni kunyoosha miguu wakati Zuhura anamwogesha mtoto. Mvua zilikuwa zimenyesha nyingi, bahari imetapika kila kitu, ndala za mguu mmoja, machupa, vifuu vya nazi. Katikati ya uchafu ule kulikuwa na gogo. Nimeona magogo tangu nizaliwe, nimekata kuni mpaka mgongo umepinda, lakini gogo kama lile sijapata kuona. Kijivu kama jivu la jikoni, na laini, nikilipitisha kiganja linateleza kama bakuli. Halina gome, halina tawi, bahari imeliogesha mpaka limekwisha ukali wote. Nikaligonga kwa jiwe, likalia kama kinu kikavu. Nilikaa chini, Baba Zuhura. Sikujua naogopa nini.

Nikaanza kulibingirisha kwenda nyumbani. Mkwe siwezi kumtuma, mkwe ni mkwe, namwambia Zuhura naye ndiye anamwambia. Nimefika nusu ya njia, kijasho chembamba, namwona huyo anakuja na nguo zake nyeupe za kazi. Aibu niliyoiona sina mfano wake. Alikunja suruali, akalisukuma mpaka mlangoni, mimi nyuma yake nimejifunika kanga kama naenda msibani.

Jirani yetu ni fundi wa milango, Mzee Shomari, mtu wa maneno mengi. Alikwangua kidogo kwa kisu, akanusa, akasema mbambakofi huu. Ndani mwekundu kabisa, Baba Zuhura, mkavu, una harufu ya mti uliokatwa jana. Chumvi yote ile haikufika moyoni. Nikamuuliza mbambakofi ni mti gani, akanitolea mbegu dukani kwake. Mbegu nyeusi yenye kikofia chekundu. Kumbe ni mkongo! Ule tuliokuwa tukiokota mbegu zake tukifunga shingoni. Fundi akasema magogo kama haya mengine yanaletwa na Mto Ruvuma wakati wa mafuriko, yanaingia baharini, mkondo unayavuta kuja huku kaskazini. Sijui kama ni kweli. Lakini ule mto si ndio tunaouona kule chini tukisimama kwenye ukingo pale Newala? Gogo limepita chini ya macho yetu, limezunguka baharini miaka Mungu ndiye anajua, limekuja kulala mbele ya mtu wa Kitangari mwenye kitovu kwenye pindo la kanga. Nilimwambia fundi, nichimbie humo, napanda mti.

Hapo akili yangu ilishakata shauri. Nikizike kitovu kwenye udongo unaobebeka. Fundi alisema mkongo hauliwi na mchwa upesi, ukitunzwa utamzidi umri huyo mtoto. Alichimba kwa tezo na patasi siku tatu, mfano wa mtumbwi mfupi, kuta nene za vidole vinne. Chini akatoboa matundu matano kwa keekee ili maji yasilale. Akayaziba kwanza kwa vijiti, akanipa masharti: nilijaze maji ya bomba, kila siku nimwage niweke mengine, siku saba, chumvi itoke. Kisha likauke kivulini taratibu, jua litalipasua. Mwisho achome ndani kwa makaa mpaka liwe jeusi, liwe gumu.

Na mimi nilimfundisha moja. Nilichoma korosho, nikakusanya yale mafuta meusi ya maganda, nikalipaka nje yote kwa kitambaa kwenye fimbo, kama babangu alivyopaka nguzo za ghala. Fundi akasogeza kidole aonje ukali wake. Nikamwambia, "Ukitaka kubaki na ngozi, acha." Akacheka, akasema watu wa Newala mna sumu zenu.

Likakauka, likachomwa, likawekwa juu ya mawe matatu lisiguse saruji. Udongo nilikuwa nao. Unakumbuka ule mwekundu niliombebea Zuhura alipokuwa na mimba, alivyokuwa akilia anataka kutafuna udongo wa kwao? Mkwe alikuwa anaukataza, anasema minyoo, basi ulibaki karibu nusu mfuko. Nikauchanganya na samadi na mchanga wa mto. Kitovu nikakiweka katikati, nikasoma Fatiha, juu yake nikapanda mche wa mlimau, na huku na huku miche mingine miwili isikae peke yake. Zuhura alimshika mtoto amwonyeshe. Nililala usingizi siku hiyo, mume wangu, wa kwanza tangu nije.

Sasa kosa langu.

Yale maji ya siku saba, fundi alisema nimwage. Baba Zuhura, wewe unajua. Tumekua tunanawa mikono, maji yale yale yanaosha sufuria, yale yale yanakwenda kwenye mboga. Ndoo moja ni mlima mzima kichwani. Mimi nimwage ndoo nane za maji kwenye saruji, watu wanaona? Mkono ulikataa. Fundi akishaondoka nikawa nayachota, nayaweka kwenye pipa nyuma ya jiko. Niliyaonja. Yalikuwa na chumvi kidogo tu, mfano wa uji uliotiwa chumvi vizuri. Nikasema chumvi haijawahi kumdhuru mtu. Na baada ya kupanda, ndiyo niliyomwagilia, asubuhi na jioni.

Wiki ya pili majani yakaanza kuungua kwenye ncha, kahawia, kama yamepitishwa motoni. Nikaongeza maji. Mche wa kulia ukafa, wa kushoto ukafa. Ule wa katikati, wa juu ya kitovu, ukapukutisha jani moja moja mpaka kikabaki kijiti. Na wiki hiyo hiyo walimpima mtoto, uzito haukupanda hata chembe. Zuhura alitoka na kadi ameikunja mkononi. Sikumwambia ninachowaza. Nilikuwa nikimwangalia mtoto, nikiangalia kijiti, sili. Nikajisemea ni mimi. Nimeambiwa nyumbani, nimekwenda kukizika kwenye kitu cha bahari, na bahari imekuja kudai.

Zuhura ndiye alimwita fundi, maana alidhani naumwa. Mzee Shomari alichukua udongo kidogo akaweka ulimini, akatema. Akaniuliza yale maji ya kulowekea nilimwaga wapi. Nikamwonyesha pipa.

Akachungulia ndani ya pipa. Halafu akasema polepole, "Mama Zuhura, gogo limetema bahari siku saba, na wewe umeirudisha yote kwa kikombe."

Nililia mbele yake. Alisema siyo laana, ni chumvi, na chumvi dawa yake ni maji. Nizibue matundu yote, maana vile vijiti nilikuwa sijavitoa, nimwagilie maji ya bomba mengi, yapite juu yatoke chini, nisiyakinge. Nilimwomba nikinge hata nioshee kata, akakataa. Akasimama hapo hapo nimwage lile pipa kwanza, na nililimwaga, Baba Zuhura, maji yakakimbia kwenye saruji mpaka mtaroni, na kila mwanamke wa mtaa huu alipita hakuona ajabu yoyote. Mimi peke yangu nilikuwa kama namwona mtu anazikwa.

Siku kumi nimefanya hivyo. Kila siku natia kidole kwenye matone ya chini ya gogo, naonja. Chumvi. Chumvi. Chumvi kidogo. Siku ya tisa sikuonja kitu. Maji tu, matamu, kama ya kisima chetu. Niliyaacha yaende. Na mtoto? Mkwe, mwenyewe, bila kupitia kwa Zuhura, alisimama mlangoni akaniambia, "Mama, usijitese. Mtoto alikuwa hapati maziwa ya kutosha, Zuhura alikuwa hali vizuri." Tukamlisha Zuhura uji wa ulezi na karanga. Uzito umepanda. Sijui kama ni mti ama ni uji, na sitaki kujua. Mungu ana mikono mingi.

Basi ndiyo hivyo. Kitovu hakiko chini ya mkorosho wa mama. Kiko Kilwa, ndani ya mkongo, kwenye udongo wa Kitangari, na mtoto akipata nguvu ya kusafiri tutakuja navyo vyote pamoja. Watu wanne wanalinyanyua, Zuhura amekwisha uliza lori. Nasikia umeshachimba shimo. Usilifukie, lakini fikiri mwenyewe kama utapenda tukihamishie humo, ama gogo likae mlangoni kama lilivyo. Hilo sikuamulii tena, nimeamua mengi. Ila kama umekasirika, kasirika na mimi, usimkasirikie mtoto. Na unijibu kwa barua, uandike wewe, usimpe mtu.

Nisalimie dada yangu wa Lupaso, mwambie ming'oko, vile viazi vyake vya porini, nimeiota mara mbili. Nisalimie shemeji wa Tandahimba na mkewe, na Mama Salama, na umwombe asikuchungulie ukisoma hii. Mkweo anakuamkia, shikamoo. Zuhura naye shikamoo, anasema umeze dawa zako.

Mimi mkeo, Mama Zuhura.

Nilipoanza barua hii kijiti kilikuwa na macho mawili ya kijani, madogo kama punje za mtama, sikuyaandika kwa kuogopa kuyaita. Leo nafunga bahasha, nimekwenda kuhesabu. Majani manne, na la tano linafunguka.