Ubongo Uliogoma Kulingana

Shosti, nimejifungia chooni kazini.

Si unajua kazi yetu, picha za ubongo wa watu mbalimbali, kompyuta inazivuta na kuzibana mpaka zilingane, ndipo tuzichunguze. Majina hatuyaoni, ni namba tu.

Leo kikaoni picha moja ikagoma kabisa kulingana, tena ya kundi la wasio wagonjwa. Ubongo umesinyaa, nafasi tupu kila upande. Na mdomo wangu huu! Nikasema, "Huyu mzee amesahau kila kitu, hata suruali anavaa kichwani. Tukimvuta afanane na wenzake, atachanika!"

Watu walicheka mpaka machozi. Profesa naye alicheka. Alicheka, shosti!

Kisha akasema polepole, "Hiyo namba ni yangu. Nilijitolea tulipokosa watu."

Nikaomba radhi tena na tena. Akanipigapiga begani, "Usijali, binti yangu. Wewe na utani wako!"

Tumetoka, akanifuata koridoni huku anatabasamu.

"Binti yangu, ile picha iliyogoma, mmeshajua ni ya nani?"

Nikamwambia bado.