Yohana Hakuwa Mjinga

Nyarusange, Jumatano

Mke wangu Mama Agnesi,

Amahoro, amani ya Mungu ikukute huko Buhinyuza, wewe na mbuzi wetu na huo mguu wako. Uvimbe umepungua? Na mihogo umeianika, au bado unamngoja yule jirani anayeahidi kila siku kuja kusaidia? Usimngoje. Mimi mwili ni mzima, nakula, milima ya huku naipanda vijana wakihema nyuma yangu. Roho ndiyo imechafuka. Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe, tena kwa Kiswahili, maana ndicho nilichofundishwa kusoma kule kambini Tanzania tulipokuwa wakimbizi. Soma polepole, usimpe mtu akusomee.

Utashangaa barua inatoka Nyarusange na si Gitega mjini kwa binti yetu. Nimetoka kwake. Sikufukuzwa, nimetoka. Atakayekuambia nimefukuzwa ni mwongo.

Unajua mkwe wetu Deo aliniita kwa heshima. Alisema amezipata kwenye kompyuta zile sinema za wapelelezi wa Amerika, nyeusi na nyeupe, zile alizokuwa anatuletea Padri kambini na gari lenye jenereta. Zimezeeka mpaka wenyewe hawazidai, mtu yeyote anachukua. Alitaka kuonyesha moja ukumbini Jumapili mchana, atuite sote tuliorudi kutoka kambi ile, na mimi nikae mbele. Nikafikiri ananiita nisimulie. Nani asingefikiri hivyo? Nani mwingine alizisimulia? Padri mwenyewe Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji. Mimi hata hicho sikuwa nacho, na bado watu walikuwa wanatoka mbali kuja kunisikia mimi, si Padri.

Wewe ulikuwapo, wewe ndiye shahidi wangu. Zile zilikuwa sinema za watu wenye haraka na mfuko mtupu. Hujakaa vizuri, imekwisha. Nyumba ni ileile katika kila sinema, ngazi ileile, wamehamisha kabati tu. Nikawaambia watu kwamba matajiri wa kule wanaazimana nyumba wakipata msiba, wakakubali. Mlango ukifungwa ukuta wote unatikisika kama turubai, nikasema ni tetemeko la ardhi. Ukungu wanaumwaga kila mahali usione kwamba mji wenyewe hakuna. Tajiri anauawa, taa zinazimika, mkono unatoka nyuma ya pazia, polisi anamkamata asiyehusika, halafu mpelelezi mwenye kofia anawakusanya wote sebuleni anamtaja muuaji. Akili yote iliyokuwa mle niliitia mimi.

Na Yohana ni wangu. Yule mtumishi mweusi, jina walilompa hatukulisikia vizuri, nikampa la kwetu. Wenyewe walimweka achekwe tu. Siku ya kwanza nilimtazama nikakataa. Sisi wote pale tulikuwa tunalima mashamba ya watu, tunachota maji ya watu, halafu mtu pekee mle ndani anayefanana na sisi ndiye awe punguani wa nyumba? Akikimbia, nilisema anakimbilia msaada. Akitetemeka, nilisema ana malaria lakini kazi hakuacha. Na mpelelezi alipofungua mdomo kumtaja muuaji, nilimfanya aanze hivi: "Kama Yohana alivyonieleza asubuhi." Kambi nzima ilikuwa inapiga makofi. Felista, yule jirani yetu wa kisimani, akambatizisha mwanawe kwa jina la Yohana kwa ajili hiyo. Ulimbeba wewe mwenyewe siku ile.

Basi Jumapili ukumbi ukajaa. Watu wa Nyarusange walikuja na baiskeli zao. Felista alikuja, amezeeka sasa, na mwanawe Yohana, mwanamume mwenye ndevu na watoto, ndiye anayeleta ndizi mjini kwa baiskeli. Nikavaa koti langu. Nikasimama karibu na ukuta wa picha, nikakohoa.

Deo akanishika mkono kwa upole. "Papa, kaa. Leo hutachosha sauti. Nimeandika kila kitu chini ya picha, Kiswahili, kama wanavyosema wenyewe."

Agnesi anasema mume wake alifanya kazi hiyo miezi na miezi ili kuniheshimu. Heshima gani ya kumfunga mzee mdomo mbele ya watu wake? Zamani mkwe hata kumpita baba mkwe njiani kwa haraka hakuthubutu.

Nikakaa. Mkono ukatoka kwenye pazia, Yohana akaingia chini ya meza, macho yamemtoka kama chura, na chini pakaandikwa: Bwana, miguu yangu imeshaondoka, mimi tu ndiye niliyebaki. Vijana wakacheka. Wajukuu wetu wakacheka, damu yangu mimi. Watu wa kambini hawakucheka. Felista hajui kusoma, akauliza kwa sauti, "Yohana anasema nini pale?" Mwanawe alikuwa ameshasoma. Akainuka, akampita mama yake, akatoka nje. Ndipo na mimi nikainuka nikachomoa waya.

Nyumbani ikawa kesi. Agnesi analia, anasema nimemwaibisha mume wake. Wakati huohuo mjukuu wetu mdogo ameingia chini ya meza ya chakula, anatoa macho, anayasema maneno yale yale, na wenzake wanaanguka kwa kicheko. Deo akasema, "Papa, mimi sikuandika uongo. Ndivyo walivyosema."

Nikamwambia, "Waliotucheka walikufa zamani. Wewe umewafufua, ukawafundisha na Kiswahili."

Hakukubali. Akasema Jumapili inayokuja iko sinema ya pili, naweza kusimulia nikitaka, ila nifuate yaliyoandikwa. Mimi nifuate! Nikachukua mfuko wangu.

Nilikuja moja kwa moja kwa Yohana. Nilimkuta uani amepindua baiskeli, anaziba tairi. Kiti hakunipa, Felista ndiye aliyenipa. Akaendelea kusugua mpira, halafu akauliza bila kunitazama, "Mzee, yule mtu alikuwa na akili, au ulitudanganya tu? Nataka kujua jina langu limetoka kwa nani."

"Waliomtengeneza ndio waliodanganya," nikasema. "Hakuna mtu mzima duniani anayeishi vile. Mimi nilisahihisha."

Akaupaka mpira gundi. Watoto wake walikuwa wanapukuchua maharage na bibi yao, naye Felista akaniambia niwasimulie, kazi isiwe ndefu. Nikaanza. Mke wangu, nilisimulia vizuri kuliko kambini, bila picha, bila jenereta, jua linawaka. Tajiri nilimwua, taa nikazizima, mkono nikautoa kwenye pazia, na msichana mmoja akaacha maharage kabisa. Nikafika kwenye meza. Hapo akanijia akilini mjukuu wetu na macho yake yale, hasira ikarudi. Mimi, ambaye hata mvua ya mawe haikuwahi kuninyamazisha, nikakwama katikati.

Yule msichana akauliza, "Kwa nini Yohana aliingia chini ya meza?"

Baba yake akasema, kichwa bado kiko kwenye tairi, "Muuaji aliangusha ufunguo. Mpelelezi hakuuona. Yohana aliuona."

"Mbona alitoa macho?"

"Chini ya meza kuna giza. Wewe ungeyafumba?"

Ufunguo huo mimi sikuwahi kuutia. Ni mzuri, sikatai, ingawa mimi ningeuweka mapema zaidi. Nikaushika pale pale nikaendelea nao mpaka mwisho, na Yohana akanipa ugali kwa mkono wake.

Sasa sikiliza. Jumapili tunakwenda Gitega wote, Felista, Yohana na watu wa huku. Tutakaa mbele. Deo aandike asiandike, mimi na Yohana tutasimama ukutani na tutasema kwa sauti kubwa, anayetaka kusoma asome. Agnesi akikuandikia kwamba nimeharibu, usimjibu mpaka nifike mwenyewe. Akitaka nirudi kukaa kwake, mume wake aje kunichukua mwenyewe hapa Nyarusange, asitume mtu wa pikipiki. Hasira yangu haijapoa, usiniombee ipoe.

Nisalimie dada yako mkubwa, mwambie macho yangu bado yanaona kumshinda. Msalimie mzee wa kanisa, na yule fundi baiskeli wa sokoni, pamoja na majirani wote isipokuwa huyo wa mihogo. Mguu uukande kwa maji ya chumvi, na mbuzi mwenye mimba usimfunge karibu na njia.

Ni mimi mume wako, sauti ya kambi nzima,

Baltazari