Ankara ya Mama Kabula

Mpendwa baba,

Kuna jambo tuliloishi nalo nyumba moja miaka kumi na mbili bila kulitaja. Naliandika sasa kwa kuwa nimeshalisema kwa wengine, na wewe ndiye uliyestahili kulisikia kwanza.

Uliniingiza ofisi ya malipo ya hospitali ya misheni nilipomaliza shule. Wewe ulikuwa karani mkuu, mimi mwandishi wa ankara. Siku ya kwanza uliniambia, "Mgonjwa asiyeelewa karatasi yako ataiogopa kuliko sindano." Niliitikia tu. Nilikuwa napenda kuandika kwa vifupisho vya Kiingereza kama madaktari. Nilijiona msomi.

Mama Kabula alikuja kutoka Kharumwa na binti yake wa miaka saba. Ng'ombe alikuwa amemkanyaga mtoto, paja likavunjika. Mguu ulining'inizwa kwa kamba na mawe ya uzito, ukae hivyo wiki sita. Mama alitanguliza shilingi mia, bei ya mbuzi wake wote. Wiki ya tatu akaja dirishani kuuliza amebakiza kiasi gani. Nikaandika vifupisho vinne, chini yake 140, gharama nzima, nikagonga muhuri. Ile mia aliyokwisha kulipa sikuitaja. Stakabadhi si anayo, niliwaza.

Hakujua kusoma. Akaipeleka sokoni Nyasubi kwa muuza vitenge aliyemwamini, naye akamsomea alichokiona: "Mama, wanakudai mia na arobaini."

Asubuhi kitanda kilikuwa kitupu, kamba zimekatwa.

Uliisoma nakala ya ankara mara moja tu. Hukunitazama. Ulipanda lori la pamba, ukarudi siku ya nne ukiwa nao. Mama Kabula mwenyewe ndiye aliyenisimulia ulivyochuchumaa mlangoni kwake, ukamwita mama kwa lugha ya kwao, ukamwambia, "Mayu, karatasi ndiyo iliyokosea, si wewe. Umebakiza arobaini, na hizo zitasubiri. Mguu hautasubiri."

"Na ile mia yangu?"

"Ipo. Nitakuandikia kwa Kiswahili, nikusomee, nawe unirudishie kwa mdomo."

Mfupa ulikuwa umeshaanza kuunga vibaya. Kabula alipona, lakini mguu mmoja ukabaki mfupi. Mganga Mkuu alipouliza nani aliandika ankara ile, nilikuwa nimesimama pale pale. Ukasema, "Ofisi ni yangu." Wakakuondoa ukarani, wakakupeleka stoo ya shuka na sabuni, na huko ukakaa mpaka ukastaafu. Jioni ile nilingoja unifokee. Ulikula ugali wako, ukauliza kama kuni zipo.

Tangu hapo nimeandika kila kitu kwa mstari wake: kitanda siku ngapi, dawa gani, umelipa nini, umebakiza nini. Kisha namsomea mgonjwa, naye ananirudishia. Foleni inakuwa ndefu na wenzangu wananung'unika.

Miezi minne baada ya kukuzika, Kabula alikuja kujifungua. Nilimtambua kwa mwendo. Alipofika dirishani kulipa, nikamwambia, "Ile karatasi iliyowakimbiza niliandika mimi. Si baba."

Akanitazama bila hasira. "Mama alijua, dada. Si alikuona ukiandika?"

"Mbona hakusema?"

"Mzee aliyetufuata mpaka Kharumwa, angemuumbua vipi kwa kumtaja bintiye?"

Nilimwandikia ankara yake, nikamsomea, akanirudishia bila kukosea, akambeba mtoto mgongoni na kuondoka.

Kesho yake nilikwenda kwa Mganga Mkuu. Huyu ni mpya, hakukufahamu. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kwa nini namletea habari za zamani hivyo. Nikamwomba tu aandike kwenye faili lako kwamba kosa lilikuwa langu. Aliandika mistari mitatu, akatia sahihi, nami nikaisoma kwa sauti mbele yake kuhakikisha kuwa inaeleweka.

Pumzika, baba.

Ni mimi, binti yako, uliyemfichia kosa.